Mguu Niliopunguzia Suruali

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na majirani.

Suruali yangu ya kaki ilianza kulegea mguu mmoja. Mguu wa kushoto ulijaa vizuri, wa kulia ukawa unapepea kama bendera ya shule. Mtu mwingine angejiuliza: nyama ya mguu huu imekwenda wapi? Mimi ni fundi cherehani, miaka arobaini na ushei nyuma ya sindano, na fundi akiona nguo imelegea haulizi maswali ya mwili. Niliivua, nikaipindua, nikapiga chaki, nikaubana mshono kuanzia gotini hadi kwenye pindo. Nikaivaa. Ilikaa sawasawa. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja, nikajisifu kwamba mkono wangu bado haujazeeka.

Miezi michache baadaye ikalegea tena. Nikabana tena.

Hivyo ndivyo nilivyougundua ugonjwa wangu, na hivyo ndivyo nilivyouficha: kwa mshono mnyoofu na uzi wa rangi ileile, kiasi kwamba hata mke wangu anayeifua hakuuona. Daktari alipokuja kuniambia kwamba mguu ule unakosa damu, na kwamba nikiendelea hivyo huenda ukakatwa, jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba upande wa suruali nilishatangulia kuushughulikia.

Nawaandikia nyinyi mnaojifunza kushona, lakini sifukuzi wengine. Wewe unayeuza simu dukani tangu asubuhi hadi jioni bila kuinuka, karibu. Wewe wa bodaboda, karibu zaidi. Unadhani unazunguka Busia nzima. Anayezunguka ni pikipiki. Wewe umekaa tu kama mimi, tofauti yetu ni upepo.

Kazi nilifundishwa Tororo, Uganda, chini ya ule mwamba mkubwa wa mji, na Mzee Salehe. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Owor, kijana mrefu aliyetoka kijiji cha Sop Sop akiwa ananuka maziwa na moshi wa zizi. Siku upepo ukitoka upande wa kiwanda cha saruji, kitambaa cheupe tulikifunika shuka kama maiti, maana kikipata lile vumbi hakirudi kuwa cheupe.

Duka la Mzee Salehe lilikuwa limepangwa vibaya. Ndivyo tulivyoona sisi. Cherehani zilikuwa mlangoni, meza ya kukatia nyuma kabisa, pasi ya makaa nje uani, na bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini, alizitundika kwenye ukuta wa mwisho, mahali ambapo hata Owor na mikono yake ile hakuweza kufikia akiwa amekaa. Uzi wa chini ukiisha, unainuka. Ukitaka kulaza mshono kwa pasi, unainuka. Kukata ilikuwa kusimama tu, na stuli karibu na meza ile haikuwahi kuonekana.

Siku moja Owor alimwuliza kwa nini asisogeze bobini karibu ili kazi iende mbio. Mzee Salehe alikuwa na sauti ndogo, kama ya mtu anayemaliza kusali. Alisema, “Mwanangu, fundi anayefikia kila kitu bila kuinuka, huyo si fundi tena. Ni kiti.”

Sitaki mumfanye mganga. Hakujua lolote kuhusu mishipa ya damu. Sababu zake zilikuwa za kazi: aliyekaa sana husinzia, na aliyesinzia huharibu nguo ya mtu. Nalijua hilo kwa sababu nilisinzia nikaushona mdomo wa mfuko ukafungika wote. Mwenye suruali alikuwa mwalimu. Aliirudisha, akaniuliza kwa upole mkubwa kama mkono uingilie juu au utafutiwe njia nyingine.

Sheria yake ya pili ndiyo tuliyoichukia hasa. Nguo ikiisha, aliyeishona ndiye aipeleke, kwa miguu yake, hadi nyumbani kwa mwenyewe. Hakuna kutuma mtu, hakuna kungoja mteja apite. Unaikunja, unaifunga gazeti, unatembea. Alisema ukimwona mtu amevaa kwake, mbele ya watu wake, utaliona kosa ambalo dukani lilijificha. Nimetembea Tororo yote na vijiji vyake nikiwa na gomesi, yale magauni marefu ya akina mama, kwapani. Miguu yetu wakati ule ilikuwa kama ya mbuzi, na kama mbuzi, hatukujua kwamba tuna kitu.

Mzee Salehe alikufa kwa malaria, baada ya wiki moja tu ya kitanda. Kwa hiyo msiseme kutembea ni dawa ya kifo. Alitembea, akafa. Lakini Ijumaa yake ya mwisho alikwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe, na mimi wa leo nikilikumbuka hilo naona wivu.

Baadaye mimi na Owor tulihamia Busia, tukakodi baraza ya duka upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya, kwa sababu watoto wa nchi zote mbili wana magoti ya kutobolea suruali. Tulikuwa na cherehani za miguu. Kwa wasiozijua: chini kuna bamba la chuma la kukanyagia, bamba linazungusha gurudumu, gurudumu linavuta mkanda wa ngozi, mkanda unaendesha sindano. Ukikanyaga inakwenda. Ukiacha inasimama. Likumbukeni hilo.

Umeme ulipofika barazani petu, mota ndogo zikaja sokoni. Unaifunga ubavuni mwa cherehani, chini unaweka kikanyagio kidogo kama cha gari, unagusa tu kwa kidole na sindano inaruka. Mimi ndiye niliyeanza. Nikawatangazia wateja kwamba miguu yangu imestaafu kabla yangu. Owor alisita, akasema yeye amezoea chuma chake. Nilimcheka wiki nzima, nikamwita mchungaji wa ng'ombe, mpaka akanunua ya kwake. Nikamfungia mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Kisha nikapanga. Bobini, mkasi, chaki, pasi ya umeme, redio, chupa ya chai, vyote urefu wa mkono. Niliona nimemshinda Mzee Salehe. Nguo zilipelekwa na bodaboda. Vipimo watu walituma kwa simu. Chakula kilitufuata pale pale, chapati iliyoviringishwa na mayai, mafuta yakitiririka hadi kwenye kiwiko. Kutoka nyumbani kwangu hadi barazani ni hatua kama mia nane. Nilipanda pikipiki, kwenda na kurudi.

Fundi huujua mwili wa mtu kabla ya daktari. Suruali nzuri hushonwa na akiba ya kitambaa nyuma kiunoni, ili mwenyewe akinenepa uweze kuachia mshono. Kila mwaka nilimwachia Owor. Nilimtania kwamba akiba inakwisha, mwaka ujao nitamtia kiraka cha turubai. Naye alijibu kwa Kiswahili chake cha kwao, “Wewe shona tu. Tumbo ni yangu, mshipi ni yangu.” Tukacheka. Katika daftari langu la vipimo kiuno chake kilikuwa kinapanda mwaka kwa mwaka, kama maji ya kisima wakati wa masika, na sikuwahi hata siku moja kukisoma kama habari. Nilikisoma kama kazi.

Ilikuwa mchana, juma la kufungua shule, yunifomu zimetuzidi. Tulikaa tumepeana migongo kama kawaida. Mafundi wanaofanya kazi pamoja wanajuana kwa mlio: cherehani inakimbia, inasita kwenye kona, inakimbia tena. Ya Owor siku ile haikusita. Ilikwenda tu, moja kwa moja. Nikamtania bila kugeuka, nikamwambia, “Owor, unashona barabara ya Tororo? Kata kona basi.” Hakujibu. Nilidhani amenuna. Nikamalizia mkono wa shati niliokuwa nao. Ndiyo, niliumalizia. Kilichonigeuza ni harufu ya mota kuungua.

Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kichwa cha cherehani. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya kikanyagio, mzito kama gunia la mahindi, na ule uzito ndio uliokuwa unaendesha sindano. Sketi ya mtoto ilikuwa imejishona juu yake yenyewe mpaka ikawa fundo kama ngumi. Ingekuwa cherehani ya miguu, ingesimama mguu ulipokufa, na ukimya ungeniita. Mota haijui kama mguu ulio juu yake uko hai.

Hospitali walisema ni kiharusi, mshipa wa damu wa kichwani umeziba. Hakufa. Alirudi nyumbani na upande mmoja wa mwili na maneno machache.

Mtu mwenye akili angetishika akaanza kutembea. Mimi nilitishika nikahamishia cherehani nyumbani. Barazani sikuweza tena kukaa na mgongo wangu ukiwa hautazamani na mgongo wa mtu. Tena kwa asili mimi ni mtu wa ndani. Mke wangu Nabwire husema nikizaliwa mara ya pili nitazaliwa mlango. Sasa hata zile hatua mia nane za pikipiki zikafutika. Kitanda, cherehani, choo. Dunia yangu ikawa na pembe tatu.

Hapo ndipo mguu ulipoanza. Nikitembea kama hatua mia moja, shavu la mguu wa kulia linakaza, kama mtu amelibana kwa koleo. Nikisimama, linaachia. Nikiendelea, linabana tena. Nikafikiri kifundi: panapobana ni kwenye kutembea, basi tupunguze kutembea. Vinyweleo vya muundi vikaisha. Wayo ukawa baridi hata juani, nikauvalisha soksi. Suruali ikalegea, na hiyo mnajua nilivyoifanya. Halafu mkasi ukaanguka ukanikwaruza kidole kidogo cha mguu huohuo, kijidonda cha kufungwa kwa siku tatu. Mwezi ukapita kikiwa wazi. Wa pili ukapita. Nabwire hakuniuliza. Aliita pikipiki, akanipakia, tukavuka mpaka hadi kliniki moja upande wa Kenya.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alisoma jina langu, akanitazama, akasema, “Mzee, si ni wewe ulinishonea uniform ya primary? Ilinibana kwapa mpaka darasa la nane.”

Nikajua nimeangukia mikononi mwa adui.

Alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akaandika. Kisha akakifungua, akakifunga kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia kwapa haliko huko. Hakucheka. Alisema akilinganisha nguvu ya damu ya mkono na ya mguu, atajua njia ikoje. Alipomaliza kuandika namba ya pili alinyamaza, na mimi niliyepima watu maisha yangu yote nikajua ule unyamavu. Ndio tunaotumia sisi kitambaa kikiwa hakitoshi.

Aliniuliza nakaa saa ngapi kwa siku. Nikamwambia aulize nasimama saa ngapi, jibu litakuwa fupi.

“Mshipa wa damu si bomba la chuma, mzee,” alisema. “Ni kitu hai. Ukitembea, damu inapita kwa nguvu, inausugua ule ukuta wa ndani, mshipa unapanuka na unabaki laini. Ukikaa siku nzima goti limekunjwa, damu inajikokota tu. Ukuta unakakamaa, mafuta yanajishika. Leo kidogo, kesho kidogo. Husikii kitu mpaka njia iwe imebaki ya sindano.”

Nilimwelewa kwa lugha yangu. Chukua lastiki mpya, iweke kabatini miaka mitatu bila kuigusa. Siku utakayoivuta itakatika kama tambi kavu. Nilipomwambia hivyo alisema mfano wangu una matundu lakini atauiba. Nilijaribu pia kujitetea kwamba kila Jumapili nakwenda kanisani kwa miguu. Sikumwambia kwamba kanisa liko nyuma ya nyumba yangu. Akasema hata mtu anayetembea kweli siku moja, hiyo siku moja haifuti siku sita za kiti. Kutotembea ni kosa lake, na kukaa saa nyingi bila kuinuka ni kosa lingine, na mimi nilikuwa nayo yote mawili. Hata ile cherehani ya kukanyaga, alisema, ilikuwa inasaidia: msuli ukifanya kazi unaita damu.

Nilimwuliza kama mota ndiyo iliyompiga rafiki yangu Owor. Hakutaka kusema hivyo. Alisema kwa mtu kama huyo huwa kuna presha isiyotibiwa, kuna sigara, kuna uzito, kuna kukaa, na vyote hushikana mikono. Owor alikuwa na hivyo vyote. Lakini sikio langu lilichagua kimoja.

Alinipa vidonge, na juu ya vidonge akanipa kutembea, baada ya kidonda kufunga. Tembea mpaka shavu la mguu liume, simama liishe, tembea tena. Nusu saa, siku nyingi za wiki. Alisema kwa hali yangu yale maumivu hayaharibu mguu, na kwamba misuli ikizoeshwa hivyo hujifunza kutumia vizuri damu kidogo inayofika, mpaka safari inakuwa ndefu kabla ya kubana. Nikamwuliza, na nisipotembea? Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya suruali.

“Hiki kidonda kikifunga, shukuru Mungu,” alisema. “Kinachofuata huenda kisifunge. Hapo hatutapunguza suruali, mzee. Tutapunguza mguu.”

Kidonda kilifunga polepole. Siku zile zile Owor akanitumia ujumbe kwamba ananihitaji. Kwake ni ng'ambo ya kijito, kama kilomita moja na nusu kutoka kwangu. Nilikuwa nikienda kwa pikipiki, tena mara chache, kwa kuwa kumtazama kulikuwa kama kutazama kioo ambacho kimetangulia siku chache. Nilipofika, mke wake alinieleza kwamba binti yao anaolewa, wakwe wanakuja na ng'ombe wa mahari, na Owor anataka koti. Owor mwenyewe akamkatiza. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetoa miba.

“Navaa mimi,” alisema. “Si mke.”

Nilimwambia nimeelewa, nitamshonea koti la kuvaa mwenyewe. Akanishika kwa ule mkono wake mzima, hakuniachia.

“Leta,” alisema. Akapumzika. “Miguu.”

Sikuhitaji kuelezwa. Mzee Salehe alikuwa amekaa katikati yetu. Aliyeishona ndiye aipeleke, kwa miguu yake.

Koti la mtu wa upande mmoja lina ufundi wake, na mjifunze, maana kwa tunavyokaa mtawashonea wengi. Mkono uliokufa ndio unaoingia kwanza, mzima unafuata. Kwa hiyo mkono wa upande ule unauongeza upana, shimo la kwapa unalishusha, na ndani unatia bitana inayoteleza, kitambaa kisimkamate njiani. Vifungo nilivishona juu kwa ajili ya macho ya wakwe. Chini yake niliweka utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, auvute kwa mkono mmoja na aufunge kwa mkono mmoja. Nililijaribu mimi mwenyewe, mkono wa kulia nimeufunga kwa mshipi kiunoni. Jaribuni siku moja. Inafundisha kuliko mwaka wa darasa.

Koti likawa tayari wiki sita kabla ya siku ya wakwe. Kilichobaki kushonwa ni mguu.

Siku ya kwanza nilifika kwenye bomba la maji nikarudi nimekunja uso. Baada ya siku chache nikafika kwenye mashine ya kusaga. Baadaye nikafika njia panda, nusu ya safari, anapouza nyanya na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, jirani yetu wa nyumba ya tatu, Mama Ajambo. Hapo mguu ulikuwa unabana kila mara, kana kwamba umepeana miadi na mahali pale. Sikutaka watu wajue kwamba fundi hawezi kupita njia panda bila kusimama, nikawa najifanya nachagua nyanya. Naibonyeza moja, naigeuza, naitafutia kasoro, mpaka maumivu yaishe. Nilinunua nyanya hadi Nabwire akauliza kama tunafungua kiwanda. Mama Ajambo aliniacha siku tatu, ya nne akaniambia nyanya yake haina mshono, nitafute nini ndani. Nyumbani niliitoa mota, nikarudisha mkanda wa ngozi. Bobini nikazitundika jikoni.

Ilikuwa imebaki robo ya njia. Nilishaanza kuliona paa la Owor kutoka kwenye kilima kidogo kabla ya kijito. Kisha mvua ikaja.

Siku ya kwanza nilikuwa na haki, ilinyesha kutwa. Siku ya pili ilikatika asubuhi, jua likawaka, nikasema matope. Siku ya tatu matope yalikauka, nikasema redio ina mechi. Baada ya hapo sikusema kitu, maana hakuna aliyeniuliza. Kiti changu kina umbo langu, vijana, kimechimbika mahali panapojulikana, na nikikaa kinanipokea kama mama. Siku tisa. Pikipiki zilikuwa zinapita mlangoni, ningeweza kulituma koti likafika kabla chai haijapoa. Nilikataa. Nilijiona mwaminifu kwa Mzee Salehe. Kwa hiyo sikutembea, na sikutuma.

Siku ya kumi asubuhi, wakwe hawajaja bado, Nabwire alirudi kutoka bombani bila maji. Alisema Owor amepigwa tena, alfajiri, na safari hii hakuamka.

Siku ya mazishi nilitoka na koti mkononi. Nilisimama mara sita. Mara ya sita ilikuwa nje ya uzio wake, na hapo nilisimama zaidi ya mguu ulivyotaka.

Ndani walikuwa wameshamvisha. Shati jeupe, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, kwa mikono ya watu wengine. Nilimpa mke wake koti. Akalipapasa, akauona ule utepe, akauvuta ukaachia kwa ule mlio wake wa kuchanika, akaufunga tena. Alisema jioni zote zile Owor alitaka kiti chake kigeuzwe kielekee njia. Hakusema kwa kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kisha akanirudishia koti. Alisema nilichukue tu, hapo kwao hakuna mwingine wa upande mmoja.

Siku hizi nafika hadi kwa Owor na kurudi, karibu kila asubuhi, na badala ya mara sita nasimama mara mbili. Mguu bado uko. Daktari wangu anasema namba ya kifundo imepanda kidogo, na kwamba nisijivune. Koti limetundikwa ukutani karibu na bobini, kila uzi ukiisha nainuka nalikuta. Nyinyi inukeni kila bobini inapoisha, hata kama haijaisha. Suruali ikilegea mguu mmoja, wekeni chaki chini, upimeni mguu kwanza. Na mkiona kiuno cha rafiki kinapanda kwenye daftari, msimtanie tu.

Lakini nilitaka kuwaachia maneno ya siku ile, wakati narudi kutoka mazishini. Njia panda mguu ulinibana kama ulivyozoea. Sikugusa nyanya. Nilisimama tu pale mbele ya meza, koti mkononi, nikingoja damu ifike. Mama Ajambo alilitazama koti, akautazama mguu, akaendelea kupanga mafungu yake ya mukene. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha mpakani, kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

“Fundi, Owor nalikuwa hapo tu, miaka yote. Wewe nangoja yeye afe, ndiyo mguu yako najua njia?”